Nyumba ya Baba, Nyumba ya Mujomba: Kusoma Kuta za Nyumba Moja ya Zamani Kapolowe



Tukiandika juu ya desturi zetu, tunaandika juu ya ndoa, matanga, majina na ngoma. Nyumba tunaipita. Tunafika kwa watu, tunakaa ku barza, tunakunywa maji, tunasifu wazee waliojenga, kisha tunaaga. Tukisema "nyumba nzuri ya zamani", mara nyingi tunataka kusema tu kama matofari ni nyekundu, manjanja haijatoboka na mwembe wa mu lupango unaleta kivuli. Sisi tunaona kama sifa ya namna hiyo haitoshi. Nyumba ya zamani ni sawa na mzee wa familia. Ukimupa mukono bila kumuuliza habari, haujamuheshimu.

Katika kurasa hizi tunataka kuuliza nyumba moja habari yake. Ni nyumba ambayo nkambo yetu aliijenga Kapolowe-Gare katika miaka ya 1950. Hatuiweki hapa juu ya kujisifu. Ni nyumba ya kawaida, iko nyingi kama hiyo kando ya barabara tokea Lubumbashi mpaka Likasi. Tumeichagua juu tunaijua ukuta kwa ukuta, na juu mabishano yake ni mabishano ya familia nyingi za hapa kwetu. Neno letu ni moja: mvua inaangusha nyumba zetu kidogo, kinachoziangusha zaidi ni kwamba hakuna anayeweza kusema wazi ni za nani.

Fasi nyumba inasimama

Kapolowe ziko mbili, na kila mwenyeji anajua tofauti. Kuko Kapolowe-Gare, mtoto wa reli, ile reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 na kuendelea kupanda mpaka Kambove mwaka 1913. Kuko na Kapolowe-Mission, kwa Wabenedikto, fasi ya kanisa, masomo na hospitali. Na kuko maji: mto Lufira, na ziwa Tshangalele ambalo lilizaliwa wakati Union Minière ilipojenga barrage ya Mwadingusha, mwisho wa miaka ya 1920, juu ya kupata umeme wa viwanda vyake. Bonde lilikuwa la majani na mashamba. Likageuka ziwa la samaki.

Kwa hiyo fundi wa hapa kwetu alikuwa na fasi mbili za kuangalia. Alikuwa anaona majengo ya mission, matofari ya kuchoma, kuta nene, na alikuwa anaona nyumba za kampuni kule Jadotville, muji ambao tokea 1966 tunauita tena Likasi. Nkambo yetu alikuwa masoni wa Union Minière. Mikono yake ilijua plani moja tu ya nyumba, na ile plani ndiyo aliyoirudisha ku muji wao.

Plani iliyotoka mu camp

Tuitazame. Mbele kuko barza yenye ukuta mufupi na nguzo mbili. Mlango unaingia moja kwa moja mu salon. Kushoto vyumba viwili, kuume kimoja. Sima ya chini ilipakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa. Msingi ni wa mawe. Matofari yalitoka mu udongo wa kichuguu, ule unaoshikana vizuri, yakachomwa palepale mu lupango kwa kuni za pori. Kati ya tofari na tofari kuko udongo huohuo. Sima ilikuwa ya bei, ilipakwa inje tu. Jiko liko peke yake nyuma, na choo mwisho wa lupango.

Kwa kazi ya mikono, hatuna la kulaumu. Nyumba ni baridi mu Oktoba wakati jua linachoma, na mu juni na julai, wakati baridi inashuka, kuta zinatunza joto ya muchana. Barza inazuia mvua isipige ku mlango. Yule mzee alijua kazi.

Lakini plani yenyewe inasema jambo ambalo labda yeye hakulisikia. Tokea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutafuta wafanyakazi wa kudumu, wenye kukaa na bibi na watoto mu camp, pahali pa wale wa kuja na kurudi. Nyumba za camp zilipimwa kwa ile hesabu: bwana, bibi yake, watoto wao. Dada ya bwana hana chumba. Mama yake hana chumba. Mwipwa wake, yule ambaye kwa desturi yetu ndiye damu yake ya karibu, hana chumba. Kampuni haikuandika sheria ya kukataza ukoo. Ilijenga ukuta, na ukuta ukafanya ile kazi. Nyumba ile tena haikuwa ya mfanyakazi. Kazi ikiisha, alirudisha ufunguo.

Ndiyo sababu nkambo alitaka nyumba yake mwenyewe, na tunamuelewa. Lakini alipojenga nyumba yake, alijenga kipimo cha kampuni. Aliweka mu inchi ya ukoo wa mama nyumba iliyochorwa juu ya familia ya baba. Mabishano yetu yote yalianzia mu ule msingi wa mawe.

Mbele ya matofari

Hapa inafaa tueleze kidogo, juu vijana wengi wa leo wamezaliwa mu muji. Kwa Basanga, na kwa majirani wao Balamba, mtu anahesabiwa kwa ukoo wa mama yake. Watoto wa mwanaume ni wa ukoo wa bibi yake. Damu ya kuendesha jina lake ni watoto wa dada yake. Akifa, mwipwa anaweza kumupyana: anapokea jina, anapokea mizigo ya yule marehemu, anakuwa yeye.

Na nyumba? Kwa wazee wa mbele, nyumba haikuleta maneno. Ilikuwa ya miti, udongo na majani. Mwenyewe akifa, nyumba iliachwa au kubomolewa, na baada ya miaka kadhaa muji mzima ulihamia fasi nyingine yenye udongo mupya. Kilichobaki kilikuwa jina, na jina haliozi. Bupyani ilitengenezwa juu ya vitu vinavyopita mukononi, si juu ya kuta za kuishi miaka mia.

Tofari la kuchoma lilivunja ile hesabu. Kwa mara ya kwanza nyumba ilikuwa na nguvu ya kuishi kuliko mwenyewe. Desturi haikuwa na jibu, juu haikuwa imeulizwa. Tunasikia watu wanasema "desturi inapana nyumba kwa mwipwa", wengine wanasema "desturi inalinda watoto". Tunaona wote wawili wanakopa. Desturi ya zamani ilisema juu ya jina na juu ya watu. Ile ya nyumba tuliitunga sisi, kisha 1950, kila upande kwa faida yake, na tukaivalisha nguo ya mababu.

Tukitaka kuona namna watu wengine walivyofanya, tuangalie Lamu, ku pwani ya Kenya, muji wa mawe ambao UNESCO iliuandika mu urithi wa dunia mwaka 2001. Sisi tuko mbali na bahari, lakini hata neno letu barza ni ndugu ya baraza yao, yale mawe ya kukalia mbele ya nyumba. Kule nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilidumu vizazi vingi, na familia zenye uwezo zilikuwa na desturi ya kumutolea binti nyumba anapoolewa, ao kumuongezea orofa juu ya nyumba ya wazazi. Bwana anaingia kwa bibi. Ndoa ikivunjika, bwana anatoka, nyumba inabaki. Hatusemi tuwaige, dini yao na sheria zao za urithi ni nyingine. Tunasema tu kama walipokuwa na nyumba za kudumu, walifikiri namna ya kuzitembeza kati ya watu, na wakajenga kufuatana na ile fikira. Sisi tunahesabu watu kwa mama, lakini ni nani kati yetu alijenga nyumba ya matofari na kuiandika ku jina ya dada yake?

Kuta zilizoongezwa

Turudi Kapolowe. Ukizunguka nyumba yetu, unaona kama haikubaki na vyumba vitatu. Ku upande wa kushoto kuko chumba cha matofari mabichi. Ni cha mwipwa wa nkambo, alikuja kusoma akabaki. Ule ukoo ambao plani iliufungia inje uliingia kwa ubavu. Chumba hakikuunganishwa na nyumba kwa mlango wa ndani. Mlango wake uko inje. Mwipwa alikula na wote, lakini aliingia kwake kwa njia yake. Tazama namna ukuta unavyosema ukweli kuliko mdomo.

Nyuma kuko vyumba viwili vya blok za sima, havijamalizika, vyuma vinatoka juu kama vidole. Hivi ni vya baba yetu mudogo. Alikuwa Gécamines, ile kampuni iliyopokea mali ya Union Minière mwaka 1967. Mwaka 2003, wakati wa ile mipango ya départ volontaire iliyolipwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 walitoka na feza ya mara moja mukononi. Wengi walinunua mashine ya kusaga, wengine gari mbovu, wengine blok. Yeye alinunua blok. Feza iliisha mbele ya manjanja.

Sasa mutu anayetaka kusema "nyumba ya nkambo" aonyeshe ni ipi. Ya matofari mekundu? Ile ya matofari mabichi ni jasho ya mwipwa. Ile ya blok ni miaka ya kazi ya mtoto. Hapa tunalaumu namna tunavyopenda kufanya mu vikao: tunasema "nyumba" kama neno moja, wakati mbele yetu kuko nyumba tatu chini ya anwani moja.

Sanduku ya karatasi

Kuko sanduku ya bati chini ya kitanda cha shangazi yetu. Ndani kuko karatasi za nyumba. Tulizisoma zote siku moja, na tulitoka na kichwa kinauma.

Ya zamani kabisa ni ya wakati wa Wabeleji, karatasi ya kumuruhusu nkambo kukaa fasi ile. Kisha kuko kitabu kidogo cha loja, kile watu walikuwa wanaita livret ya logeur, chenye jina lake. Kuko barua ya chifu. Kuko risiti za kodi. Sertifika ya enregistrement hakuna.

Na hapa ndipo sheria inatukatia maneno. Sheria ya udongo ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Mukongomani anaweza kupewa haki ya kukaa juu yake bila mwisho, na ile haki inashuhudiwa na sertifika ya enregistrement. Zile karatasi zingine ni ushuhuda wa historia, lakini mbele ya hakimu zina nguvu kidogo. Miaka yote ile tuliyogombana ni nani mwenye nyumba, hakuna kati yetu aliyekuwa nayo kisawasawa.

Nkambo alikufa mwaka 1979. Mwipwa alimupyana, wote walikubali, watu walicheza na kula. Kesho yake alisema: "Muntu anapyana jina, anapyana na fasi ya kulala." Watoto walijibu: "Hii nyumba ni ya baba yetu. Bajomba banatafuta nini humu?" Maneno mazuri, yote mawili. Lakini tuone mwipwa alikuwa anaona nini. Kwa hesabu ya ukoo, wale watoto ni watu wa kwa mama yao. Kwa macho yake, mali ya ukoo ilikuwa inahamia kwa ukoo mwingine. Hakuwa mwizi; alikuwa anahesabu kwa hesabu tuliyomufundisha.

Sheria ya familia, ile tunayoita Code de la famille, ilitoka tarehe 1 agosti 1987 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Inasema watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike sawasawa, wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki inaenda kwa mjane ao mgane, wazazi, na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kukaa mu nyumba walimoishi na bwana yake. Ile sheria ilirekebishwa mwaka 2016, lakini hii mifupa ilibaki. Ni sheria nzuri, tunaisifu hasa kwa mjane. Lakini nkambo alikufa miaka minane mbele ya sheria kutoka. Familia inashika sheria kama kamba, kila mutu anavuta upande wake, na wakati huo hakuna anayepanda juu ya nyumba kubadilisha manjanja.

Na nkambo mwanamuke? Mbele ya sheria, ni wazee wa barza waliosema akae. Alikaa mu chumba cha nyuma mpaka kufa kwake. Hakuna karatasi hata moja mu sanduku yenye jina lake, hata ingawa yeye ndiye alibeba maji ya kukanyagia udongo wa yale matofari.

Karatasi ambayo hatupendi kusoma

Mu sanduku kuko karatasi nyingine tena. Ni ukurasa wa kaye ya masomo, wenye sahihi mbili. Inahusu nyumba ya Likasi. Ndugu mumoja wa familia yetu aliinunua mwaka 1993 kwa Mukasai mumoja.

Wote tunajua ile miaka. Tokea agosti 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao Likasi, kisha Kolwezi. Walilala mu masomo na ku gare, siku kwa siku, wakingoja treni ya kuwapeleka inchi ambayo wengi wao hawakuizaliwa. Watoto walikufa mu njia. Wengine waliuzisha nyumba kwa bei ya chakula cha safari. Wengine hawakuuzisha, waliacha tu mlango.

Ndugu yetu anasema: "Mi nilinunua, sikunyanganya." Ni kweli, alilipa. Lakini bei ya mutu aliyesimama ku gare na watoto si bei. Na tuongeze hili, juu bila hili tungekuwa tunadanganya wasomaji: manjanja mapya ya nyumba ya Kapolowe, yale tunayosifu leo, yalilipwa na feza ya locataire wa ile nyumba ya Likasi. Ukuta wa mababu unatunzwa na mali ya mutu aliyefukuzwa.

Tunaandika hivi juu mu vitabu vyetu vya desturi tunapenda historia ya nyumba ianze na mujenzi na iishe na wajukuu, kama mto usio na mawe. Mwaka 1973, tarehe 30 novemba, Zairianisation ilipanisha maduka na mashamba ya wageni kwa watu wenye mukono mrefu. Ile tunaielezea kwa sauti kubwa, juu mwenye kosa alikuwa mbali, Kinshasa. Ile ya 1992 na 1993 tunaielezea kwa sauti ya chini, juu mwenye kosa anakula na sisi. Muhakiki wa nyumba anayeruka ile karatasi hahakiki; anapamba.

Tufanye nini

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ku ukuta wa nyuma wa nyumba yetu kuko ufa unaoingia mukono. Tumeuona wote. Kila mutu anangoja mwenye nyumba auzibe.

Sisi tunapendekeza mambo matatu kwa familia zetu. La kwanza, kupima na kuandika. Achukue mutu mita na kaye, achore kila chumba, aandike ni nani alikijenga, mwaka gani, kwa feza gani, na ni nani analala humo leo. Ile kazi inafanyika muchana mumoja, wazee wakiwa wazima. La pili, kutenganisha jina na nyumba. Mwipwa apyane jina kwa heshima yote, lakini jina lisigeuke ufunguo. Na jasho ya mwipwa mu chumba alichojenga ihesabiwe na ilipwe. La tatu, kutafuta sertifika mbele mununuzi hajaitafuta. Tokea sheria ya madini ya 2002 kampuni zimerudi kwa wingi Likasi na Kambove, bei ya lupango imepanda, na mwenye feza hagombani ku barza: anaenda ku biro.

Juu ya nyumba ya Likasi hatuna pendekezo la kumalizia vizuri. Tunasema tu ile karatasi isichomwe. Ikae mu sanduku pamoja na zingine, na mutoto anayefungua sanduku aelezwe yote.

Mu kikao chetu cha mwisho tulifanya ile kazi ya kupima. Mujukuu mumoja alishika mita, shangazi alikuwa anaonyesha kwa kidole: huu ukuta ni wa fulani, huu wa fulani. Mwipwa, sasa ni mzee, alikuja pia. Alikaa kimya mpaka tulipofika ku chumba chake. Akatwambia urefu mbele ya mita kufika, na mita ikamupa haki. Watoto wa nkambo walitia sahihi kama nyumba haitauzishwa wakati shangazi anaishi humo. Yeye alisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka mu mufuko. Alisema atakuja nayo kisha mavuno. Tunamungoja. Na ufa, tuliuziba siku ileile, kila upande ulileta mufuko mumoja wa sima.